MWIKO NI MWEPESI KULIKO KARAI

Barabara itokayo Tanga mjini kwenda Horohoro ina urefu wa kilomita 65. Wenyeji wa Kasera na Duga wangali wanakumbuka jinsi ilivyokuwa kabla ya lami: vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Fedha zilizoijenga zilitokana na mkataba uliotiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 17 Februari 2008 baina ya serikali yetu na ile ya Marekani, mkataba wa dola milioni 698 uliohusu pia umeme, maji na barabara za mikoa mingine, ukamalizika Septemba 2013. Leo malori ya Mombasa yanapita juu ya lami, na pale mpakani kimejengwa kituo cha pamoja cha forodha baina ya Horohoro yetu na Lunga Lunga ya wenzetu wa Kenya.

Wala ujenzi katika sehemu hizi haukukoma na barabara hiyo. Ukitoka Tanga kwa njia ya kaskazini, hujafika mbali utaikuta njia ya kwendea Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linafikia bahari baada ya safari ya kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo katika ardhi yetu. Bandari ya Tanga imeongezwa kina na gati. Upande wa kusini, barabara ya pwani imepangwa kutuunganisha na Pangani na Bagamoyo. Tangu Wajerumani walipoanza kulaza reli Tanga mwaka 1893, mkoa huu haujapata kuona kazi nyingi za ujenzi zikikaribiana namna hii.

Yatupasa basi kuuliza swali ambalo huulizwa mara chache. Kazi hizi zikikamilika, mkandarasi hufunga mitambo yake akaenda zake. Lami hubaki, gati hubaki, bomba hubaki. Je, ufundi hubaki kwa nani? Kwa vijana wa kiume tunaweza kujibu kwamba wachache hubaki nao: huyu alijifunza kuendesha katapila, yule alijifunza kukunja nondo, na kesho wataitwa kwingine. Kwa mabinti na akina mama jibu ni zito. Kila aliyepita katika barabara inayotengenezwa anajua mwanamke yuko wapi. Amesimama juani ameshika bendera, nyekundu ya kusimamisha magari na kijani ya kuyaruhusu. Au yumo katika mstari wa wabeba maji na kokoto. Au yuko chini ya mwembe, nje ya uzio, anawapikia wali na maharage wale waliomo ndani. Siku kazi inapokwisha, bendera hurudishwa stoo na sufuria hurudi nyumbani.

Husemwa kwamba wanawake hawaipendi kazi ya ujenzi. Maneno haya husemwa na watu wenye elimu, na husemwa kwa uhakika sana, kana kwamba mtu alikwenda akawauliza. Katika pwani yetu hayana msingi hata kidogo. Nani asiyejua nyumba ya udongo inavyojengwa? Wanaume husimamisha nguzo na kufunga fito. Kisha huja maji, na maji huletwa kichwani na wanawake. Udongo hukanyagwa, nao wamo. Ukuta hukandikwa, na mkono wa mwanamke ndio mara nyingi unaoulainisha. Makuti ya kuezekea yamesukwa na nani kama si mama zetu, waliokaa barazani wakizungumza huku vidole vinafanya kazi? Na kokoto, katika miji yetu mingi, hugongwa na wanawake, wengi wao wajane, wenye nyundo ndogo na vitoto vilivyolala kivulini karibu nao. Katika miaka ya 1960, shule nyingi na zahanati zilizojengwa kwa kujitolea zilijengwa kwa mawe yaliyobebwa na akina mama. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lenyewe lilikiri kwamba mwanamke wa kijijini mara nyingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku. Kwa hiyo mwanamke hakuletwa katika ujenzi na wageni wala na semina. Alikuwamo tangu zamani. Tofauti ni kwamba nyumba ilipogeuka kuwa ya tofali, na ujenzi ukageuka kuwa kazi ya mshahara, mkono uliolainisha ukuta wa udongo haukupewa mwiko wa kupiga lipu. Ulipewa karai.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ukisikiliza hoja ya wale wanaomweka mwanamke mbali na ufundi, utasikia neno moja: kazi ni nzito. Haya, na tuipime. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na anayeibeba kutoka kisimani hadi penye mchanga hufanya hivyo mara nyingi kwa siku. Karai la zege mbichi halina mzaha, hasa ukilipandisha ghorofa ya pili juu ya mbao zinazotikisika. Mwiko wa mwashi ni chuma chembamba chenye mpini wa mti. Pimamaji ni mwepesi zaidi, na timazi ni uzi na kipande cha chuma. Hesabu yetu basi ni ya ajabu: mzigo mzito amepewa yule asemwaye kuwa dhaifu, na chombo chepesi amekishika mwenye nguvu, ambaye pia ndiye anayelipwa zaidi. Lugha yetu ina utani wake. Neno moja, mwiko, ni chombo cha fundi na ni jambo lililokatazwa, na katika viwanja vingi vya ujenzi mwanamke hulijua kwa maana ile ya pili.

Saidia fundi, kama anavyoitwa, ni cheo cha kila mtu anayeanza. Hatuna ugomvi nacho. Mwashi mkuu naye alianza kwa kuchanganya udongo na kupokea matusi. Lakini kijana wa kiume huwa saidia fundi kwa muda. Wakati wa chakula humwomba fundi amwachie apange tofali mbili tatu, fundi hucheka, humkosoa, na baada ya miezi kadhaa kijana ana mwiko wake mwenyewe katika kiroba. Huo ndio uanagenzi wetu. Hauna darasa wala cheti, hupita baina ya mwanamume na mwanamume kama vile ugoro unavyopita. Mwanamke aliye pembeni na karai lake hauoni. Akiomba, huambiwa anataka kuharibu kazi au, vibaya zaidi, huambiwa anamtaka fundi. Akikaa mwaka, ni saidia fundi. Akikaa miaka mitano, ni saidia fundi bado. Mtu wa namna hiyo akiacha kazi kwenda kuuza vitumbua, tusiseme kwamba ameshindwa na ujenzi. Amepiga hesabu.

Nchi ya India yatupa ushahidi wa jambo hili. Huko wanawake katika viwanja vya ujenzi ni wengi mno, wamevaa sari zao na mizigo kichwani, na hakuna anayeshangaa kuwaona. Lakini ualikwaji huo wa maelfu haukuwageuza kuwa waashi; aliyeingia na mzigo kichwani huzeeka nao. Idadi peke yake haijengi ufundi. Hata hivyo India ina jambo jingine ambalo tungefaa kuliiga, nalo ni kumtunza mtoto. Mwaka 1969 chama kiitwacho Mobile Creches kilianza mjini Delhi kuweka mahali pa kulelea watoto ndani ya viwanja vya ujenzi vyenyewe, na sheria yao ya mwaka 1996 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi wanawake zaidi ya 50 katika ujenzi kuweka chumba kwa ajili ya watoto wao walio chini ya miaka sita. Mwenye shaka kama jambo hili lina uzito na ajaribu kupiga lipu huku mtoto wake anatambaa kuelekea shimo la chokaa.

Marekani nayo ina somo la upande mwingine. Mwaka 1978 serikali ya huko iliweka lengo kwamba katika kazi za ujenzi zilizolipiwa na fedha zake, wanawake wafanye asilimia 6.9 ya saa za kazi. Si lengo kubwa. Miaka zaidi ya 40 ikapita, na mafundi wanawake viwanjani walikuwa bado kiasi cha 4 katika kila 100. Mwezi Januari 2025 amri iliyolibeba lengo hilo ikafutwa kabisa. Tarakimu iliandikwa, milango ikafunguliwa kidogo, lakini waliongia walikuta utani mchafu, viatu visivyowatosha na mafundi wakuu wasiotaka kuwafundisha, wakatoka kwa mlango ule ule. Nchi tajiri ikishindwa kwa njia hiyo, sisi hatuna sababu ya kuipita upya.

Turudi nyumbani, kwenye geti. Kiwanja cha ujenzi hufunguliwa saa moja asubuhi, na vibarua huchaguliwa hapo. Mwanamume wa Horohoro huamka, huoga, hunywa chai na kufika. Mke wake ameamka kabla yake, ameteka maji, amewasha moto, amewatayarisha watoto wa shule. Akifika saa moja na nusu orodha imekwisha. Katika kesi hii hakuna aliyemkatalia kwa chuki. Saa yenyewe ndiyo imemkatalia, na wenzake wa nyumbani wameisaidia. Ndugu zetu wafanyakazi wanaume, ambao wengi ni wasomaji wa ukurasa huu, watakubali kwamba kuteka ndoo mbili za maji hakujapata kumvunja mtu heshima.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia, ndoa au ujauzito, na katazo hilo linamlinda hata mwombaji wa kazi. Inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Inampa pia muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku, katika saa za kazi. Ni sheria nzuri, na walioitunga wastahili shukrani. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita hana haki ya likizo ya malipo, wala hana kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Sasa fikiri juu ya kibarua wa ujenzi. Wiki tatu kwenye msingi, siku kumi bila kazi, wiki mbili kwenye linta, kisha anasubiri paa. Huyu anaweza kufanya kazi ya ujenzi maisha yake yote asiifikie miezi sita hata siku moja. Mimba ikionekana, hakuna anayemfukuza. Jina lake halisomwi tu asubuhi.

Kuna tundu moja la mwanga ambalo wengi hawalijui, nasi twalitaja kwa makusudi. Sheria inasema kwamba mtu aliyefanya kazi zaidi ya mara moja katika mwaka kwa mwajiri yule yule, na jumla ya vipindi hivyo ikazidi miezi sita katika mwaka huo, anastahili likizo ya malipo. Basi kila mwanamke, na kila mwanamume pia, awe na daftari dogo la senti chache, aandike siku alizofanya kazi, kwa nani na wapi. Viongozi wa TAMICO, ambao ndio chama cha wafanyakazi wa migodi na ujenzi, wangefanya jambo kubwa kama wangegawa madaftari hayo getini kuliko kugawa fulana siku ya Mei Mosi.

Sasa tuseme lile ambalo watu wa heshima hulinong'ona. Mahali ambapo mtu mmoja ana mamlaka ya kusoma majina asubuhi, na waombaji ni maskini, nyapara mwovu hupata nafasi yake. Kudai mwili wa mwanamke ili apewe kazi si tabia mbaya ya kukemewa tu na wazee. Ni jinai, chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wana kazi ya kuishughulikia. Tusidhani ni jambo dogo kwa wakubwa pia. Mwezi Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta fedha za mradi mkubwa nchini Uganda, uliokuwamo barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, kwa sababu ya wafanyakazi wa ujenzi waliowadhulumu wasichana wa vijiji vya kando ya barabara. Barabara nzima iliponzwa na mambo ambayo watu walikuwa wakiyaita ya faragha. Mahali penye wanawake wengi kazini, wenye vyeo mbalimbali, msimamizi wa namna hiyo huonekana mapema. Mwanamke akiwa mmoja peke yake, hana hata wa kumweleza.

Yako pia mambo yasiyohitaji mjadala wa adabu wala wa sheria, ila fundi wa kuchimba. Choo cha wanawake, chenye mlango unaofungwa na maji ndani, kichimbwe kabla ya msingi. Mwanamke asiye na choo hupunguza kunywa maji mchana kutwa katika jua la Mkinga, na siku zake za mwezi zikifika hubaki nyumbani; baada ya miezi mitatu ya kukosa siku nne nne huonekana mvivu. Buti za saizi yake nazo ziwepo. Buti kubwa juu ya ngazi ni ajali inayosubiri zamu.

Haitakuwa haki kusema kwamba hakuna lililofanyika. Mfano ulio bora kwa maoni yetu ni ule wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kuanzia mwaka 2010, kwa msaada wa Norway, Bodi iliwafadhili wasichana waliomaliza shahada ya uhandisi wapate mafunzo ya kazini chini ya wahandisi wazoefu hadi wasajiliwe. Tazama hekima yake. Haikuishia kumwita msichana shuleni aje asome hisabati; ilimfuata pale ambapo wengi hupotea, yaani ile miaka mitatu baada ya chuo, wakati hana jina, hana mshahara wa maana na kila ofisi inamwambia arudi kesho. Wengine wanafanya yao: kitengo cha Wizara ya Ujenzi cha kuwashirikisha wanawake katika kazi za barabara, chuo cha Mbeya kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa nguvu kazi, Chama cha Makandarasi Wanawake, na kwa jirani zetu, Buildher ya Nairobi, inayowafundisha akina dada useremala na umaliziaji wa majengo.

Lakini mhandisi msichana ana shahada, na shahada hutembea. Saidia fundi wa Horohoro hana chochote cha kumtembeza. Mpaka wetu una kichekesho chake: sukari na saruji zina karatasi za kuvukia, ila mkono unaojua kukandika ukuta hauna. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita chuoni. Hupimwa, huongezewa kinachopungua, hupewa cheti. Utaratibu huo ufikishwe hapa, na wapimaji waambiwe wasiwatafute waashi tu. Wawaite pia akina mama wa kukandika, wa kugonga kokoto, wa kusuka makuti. Wawape miezi michache ya mwiko na pimamaji juu ya ujuzi walio nao, kisha waone.

Fedha nazo hazikosekani kabisa. Sheria ya ununuzi wa umma, tangu marekebisho ya mwaka 2016, inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu, wanawake wakiwamo. Halmashauri hutakiwa kutoa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Tatizo ni kwamba kikundi cha wanawake kikipata zabuni aghalabu huitwa kupeleka chakula au kufagia. Na mikopo hugawanywa vipande vidogo vidogo, kila mmoja akanunue khanga za kuuza kwa wenzake ambao nao wamenunua khanga. Mashine moja ya kuchanganya zege, iliyonunuliwa na kikundi cha watu kumi, ingewaingiza katika kila kazi ya kalavati na darasa kutoka Duga hadi Moa, na karai lingepata kupumzika kidogo.

Heshima ya mwanamke wa pwani, dini yake na desturi za Wadigo na Wasegeju, hazizuii haya. Wazazi wengi wasiomruhusu binti yao kwenda peke yake katika kambi ya vibarua, na ambao hatuwezi kuwalaumu kwa hilo, hawatamzuia kwenda na kundi la majirani zake kumi lenye mama mtu mzima anayeliongoza, kazi ikianza saa mbili na kwisha saa kumi. Kazi za matengenezo ya barabara za vijijini, zilizo chini ya TARURA tangu mwaka 2017, zinafaa hasa kwa vikundi vya namna hiyo: kufyeka kando, kuzibua mitaro, kujenga kingo za mawe. Ziko karibu na nyumbani, na hurudi kila mwaka baada ya masika, kwa hiyo miezi sita ya sheria inaweza kufikiwa.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na masharti ya zabuni huandikwa na kutangazwa kabla mkandarasi hajaleta hata koleo. Huo ndio wakati wa madiwani wa Mkinga, wa viongozi wa wafanyakazi na wa akina mama wenyewe wa Horohoro kufika kwa mhandisi wa halmashauri wakiwa na karatasi moja yenye maombi manne: choo kabla ya msingi, kivuli cha watoto na bibi mmoja anayelipwa kuwatazama, orodha ya majina isomwe saa mbili kwa walio na watoto, na kwamba kila saidia fundi, mwanamke kwa mwanamume, apewe mwiko kwa muda wa saa moja kila siku chini ya fundi aliyetajwa kwa jina, na maendeleo yake yaandikwe katika daftari la kiwanja ambalo mkaguzi atalisoma.